Hadithi yenye geti: Disney, Universal na swali la Bagamoyo

Karibu na Orlando, jimbo la Florida, kuna mji wa bandari wa Kiswahili usio na mwenyeji hata mmoja. Unaitwa Harambe. Una soko, una mikahawa, una vibao vya Kiswahili na Kiingereza, na kuta zake zimebabuka kana kwamba zimepigwa na kusi miaka mia. Disney waliujenga ndani ya bustani yao ya burudani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, baada ya wabunifu wao kuzunguka Afrika Mashariki wakitazama na kuchora majengo yetu. Kule kubabuka ni kwa makusudi. Wapo mafundi waliolipwa ili ukuta mpya uonekane umechoka.

Huku Bagamoyo ukuta unachoka bure. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe zinaliwa na chumvi ya bahari na mvua za masika, boriti zinaoza, dari linashuka, na mwenye nyumba akipiga hesabu ya ukarabati anaamua kusubiri mwaka mwingine. Familia za Florida zinalipa kiingilio zikaone mfano wa kitu ambacho sisi tunakipita asubuhi tukienda soko la samaki.

Kila mazungumzo ya utalii yanapopamba moto hapa kwetu, na yalipamba kweli baada ya filamu ya Royal Tour ya 2022, hakosi mtu wa kuuliza: kwa nini nasi tusiwe na Disneyland yetu? Ardhi ipo, bahari ipo, na Dar es Salaam yenye watu zaidi ya milioni 5 iko kilomita sabini na kitu tu, lami mpaka mlangoni. Na hakosi mwingine wa kumjibu kwamba huko ni kuugeuza mji wa historia kuwa uwanja wa katuni, watoto wetu wazidi kumjua Elsa wa katuni ya Frozen kuliko wanavyomjua Bushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani. Nimewasikiliza wote wawili, na kila mmoja ana lake la kweli. Kinachonikera ni kwamba wote wanabishania kasri la Disney, wakati jambo lenyewe limo kwenye mkataba: hadithi ni ya nani, ameikodisha kwa nani, kwa miaka mingapi, kwa matumizi gani.

Biashara yenyewe si ya jana. Walt Disney alipotaka kujenga bustani yake ya kwanza huko Anaheim, California, wenye fedha walisita. Waliomkwamua ni kampuni ya televisheni ya ABC. Walitia mtaji na kudhamini mikopo, naye akawapa kipindi cha kila wiki kilichoanza Oktoba 1954, kikiitwa Disneyland, jina lile lile la bustani. Kwa hiyo geti lilipofunguliwa Julai 17, 1955, watoto wa Marekani walikuwa wameshatangaziwa mahali hapo sebuleni kwao kwa miezi. Mwaka 1957 kampuni ilichora mchoro wa biashara yake ambao unarejewa hadi leo: filamu ziko katikati, mishale inatoka kwenda kwenye vitabu, muziki, televisheni, bidhaa za watoto na bustani, na kila upande unamrudishia mwenzake kitu.

Siku hizi uzito umehamia pembeni ya mchoro ule. Katika mwaka wa fedha wa 2024, kitengo cha Disney chenye bustani, hoteli, meli za kitalii na bidhaa kiliingiza faida ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 9.3, katika jumla ya takriban bilioni 15.6 ya kampuni nzima. Karibu sita katika kila kumi. Septemba 2023 walikuwa wameshatangaza kwamba watatumia takriban dola bilioni 60 kwa miaka kumi kwenye upande huo. Kampuni tunayoiita ya filamu inakula zaidi kutokana na viatu vya watu vinavyokanyaga sakafu yake.

Sababu haihitaji shahada. Filamu mtu huitazama mara moja, labda mbili, na akiichukia ndiyo basi. Bustani inamuuzia tiketi, chakula, fulana, chumba cha kulala, na mwakani inamuuzia tena mdogo wake. Lakini bustani tupu nayo ni hasara inayosubiri. Treni ya kupanda na kushuka gizani, bila hadithi, ni chuma tu kinachotikisa watu tumbo. Mgeni akija na hadithi kichwani tayari, akijua nani mwema, nani mbaya na wimbo gani unapigwa lini, mbunifu anaikuta nusu ya kazi imekwisha fanyika, na imefanyika kwa gharama ya mgeni mwenyewe, aliyelipia sinema ile miaka mitano iliyopita.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Harry Potter, kwa sababu unaonyesha mikataba ilivyopangana. Hadithi ni ya J.K. Rowling. Filamu ni za Warner Bros. Bustani ni ya kampuni ya Universal, mshindani wa Disney. Juni 18, 2010, Universal walifungua sehemu ya Harry Potter ndani ya bustani yao ya Islands of Adventure, Orlando. Kwa makadirio ya chama cha TEA, kinachofuatilia idadi ya wageni wa bustani duniani, bustani hiyo ilipata wageni wapatao milioni 4.6 mwaka 2009 na wapatao milioni 7.7 mwaka 2011. Bustani ile ile, mji ule ule, jua lile lile la Florida. Kilichoongezeka ni kijiji kimoja chenye theluji ya bandia juu ya mapaa, duka la fimbo za uchawi, na kinywaji kitamu kisicho na kilevi ambacho wasomaji walikuwa wamekisoma vitabuni wakakitamani. Baadaye yakafuata Osaka, Hollywood na Beijing, na Mei 2025 Universal wakafungua bustani mpya kabisa ya Orlando, Epic Universe, ambayo karibu kila pembe yake imesimama juu ya hadithi ambayo watu walishaijua: michezo ya Nintendo, Harry Potter, majoka ya katuni, na mazimwi ya zamani ya filamu za kutisha za Universal wenyewe.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja ya kweli, na si ya fedha peke yake. Hadithi inayojulikana inamlazimisha mjenzi awe mwangalifu. Shabiki aliyesoma vitabu saba atagundua dirisha likikaa vibaya, atalalamika, atasambaza picha. Kwa hiyo pesa inamiminwa kwenye vitu vidogo: bawaba la mlango, harufu ya duka, herufi kwenye kibao. Sijui mradi wa umma hapa kwetu uliowahi kuulizwa maswali makali namna hiyo kuhusu bawaba. Tena njia haiendi upande mmoja. Mchezo wa boti wa maharamia wa Karibi ulifunguliwa Disneyland mwaka 1967 bila kutegemea filamu yoyote, ukawa maarufu kwa ufundi wake, na filamu ikaja kuchotwa humo mwaka 2003, miaka 36 baadaye. Sanaa iliyoanzia sakafuni ikapanda kwenye skrini.

Ila hebu tumwulize mtetezi huyo: leo mchezo kama ule, usio na filamu nyuma yake, ungepata fedha za kujengwa?

Tazama EPCOT, bustani ya Disney iliyofunguliwa Oktoba 1982 ikiwa na mabanda ya nchi mbalimbali. Banda la Norway lilikuwa na mchezo wa mashua uliowapitisha wageni kwenye historia na ngano za nchi hiyo. Ukafungwa Oktoba 2014, na mahali pake, Juni 2016, pakaingia mchezo wa Frozen. Norway, nchi yenye bunge, wavuvi na bendera, ikampisha Arendelle, ufalme wa kwenye katuni. Foleni ikarefuka, hilo lazima nilikiri. Wapo wanaosema mtoto akimpenda Elsa ataipenda Norway baadaye. Inawezekana. Mimi naona tu kwamba nchi halisi ilishindwa kushindana na nchi ya kubuni ndani ya banda lake yenyewe.

Harambe nayo haikusalimika. Ilijengwa bila filamu. Ilikuwa ni mahali, basi. Lakini kambi moja ya jirani ilipobomolewa kupisha Pandora, ulimwengu wa filamu ya Avatar uliofunguliwa Mei 2017, onyesho la muziki la The Lion King lililokuwa kambini humo lilihamishiwa Harambe mwaka 2014. Basi mji wa Kiswahili wa kubuni, uliokuwa walau ukijaribu kuwa mji, ukapata simba wanaoimba. Sisemi ni uhalifu. Nasema ndivyo mvutano unavyokwenda: mahali pasipo na mhusika wa kuuza fulana panampisha mwenye mhusika.

Halafu bei. Tiketi ya siku moja ya Disneyland, kwenye siku zenye msongamano, ilivuka dola 200 mwaka 2024, yaani zaidi ya shilingi laki tano kwa kichwa kimoja, kabla hujanunua maji. Disney walijaribu hata zaidi ya hapo: Machi 2022 walifungua hoteli ya Star Wars huko Florida iliyouza usiku mbili kwa takriban dola 4,800 kwa watu wawili. Septemba 2023 ikafungwa. Walikuwa wamelipa zaidi ya dola bilioni 4 kuinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwaka 2012, na bado hadithi yenye nguvu namna hiyo haikuweza kuibeba bei ile hata miaka miwili. Anayedhani jina kubwa linauza chochote kwa bei yoyote aisome habari hii mara mbili.

Kuna kisa kingine kinachotugusa karibu zaidi, na sijaona kikizungumzwa vya kutosha hapa nyumbani. Miongoni mwa michezo iliyofunguliwa Disneyland siku ile ya 1955 ni safari ya boti ya mwituni, Jungle Cruise. Wabunifu wake walivutwa sana na filamu ya The African Queen ya 1951. Sasa filamu hiyo, ingawa ilipigwa Kongo na Uganda, kisa chake kimewekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Ndiyo, koloni lile ambalo makao yake ya kwanza yalikuwa hapa hapa Bagamoyo kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Na meli ya kivita ya Kijerumani iliyomo kwenye kisa inatokana na vita halisi ya Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, nayo ikaja kubeba mizigo na abiria wa Kigoma kwa miongo mingi kwa jina la Liemba.

Vita yetu ikawa riwaya ya Mwingereza, riwaya ikawa filamu, filamu ikawa boti ya kitalii, na mwaka 2021 boti ikawa filamu tena. Katika safari yote hiyo ndefu, mwenyeji wa nchi alipewa kazi gani kwenye boti ile? Alikuwa sanamu ya mashine inayocheza na mkuki, au mchuuzi wa vichwa vya watu vilivyokaushwa. Januari 2021 Disney walitangaza kuziondoa picha hizo, na mwaka huo huo wakazibadilisha. Miaka 66.

Mtu anaweza kulisoma jambo hili kwa namna mbili, na namna zote mbili zina mashiko. Ya kwanza: bustani hujirekebisha. Kitabu kikishachapwa kimechapwa, lakini mchezo wa bustani hufungwa miezi michache ukafunguliwa umebadilika, kwa sababu mwenye duka anaogopa kumuudhi mnunuzi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mchezo wa Splash Mountain, uliotokana na filamu ya 1946 iliyolalamikiwa kwa namna ilivyowaonyesha Wamarekani Weusi baada ya utumwa. Huko Marekani ulifungwa 2023 na mwaka uliofuata mahali pake pakawekwa mchezo wa Tiana, binti mfalme mweusi wa filamu ya 2009. Ya pili: wanaojirekebisha wanamsikiliza anayelipa, na sisi hatukuwa tukilipa. Mtanzania angelalamika mwaka 1970 angesikilizwa na nani? Mimi naelemea hii ya pili, ingawa ya kwanza siwezi kuifuta.

Hapo ndipo watu hukimbilia kisa cha "hakuna matata". Disney waliomba usajili wa maneno hayo kama alama ya biashara ya nguo nchini Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu ya The Lion King, na usajili ukapatikana 2003. Mwishoni mwa 2018 mtandao ukawaka, saini zaidi ya laki moja zikakusanywa kupinga. Nilielewa hasira ile, lakini ilipigwa pasipo. Usajili ule ulihusu kuuza nguo zenye maneno hayo huko Marekani. Haukumzuia kijana wa Bagamoyo kuyasema wala kuyaimba ufukweni kwa watalii. Tulichopaswa kukasirikia ni kwamba kampuni ya mbali ilikwenda ofisini kujaza fomu ndani ya mwaka ule ule, na sisi tuliokuwa tumeshayaimba na kuyachapa kwenye fulana kwa miaka hatukuwa na fomu hata moja.

Kuhusu fomu, sina mfano mkali kuliko wa Marvel. Mwaka 1994 Marvel, kampuni ya vitabu vya michoro iliyokuwa inaelekea kubaya kifedha, iliwapa Universal haki ya kuwatumia mashujaa wake kwenye bustani. Miaka miwili baadaye Marvel ikaomba ulinzi wa kufilisika. Ikafufuka, na mwaka 2009 Disney wakainunua kwa takriban dola bilioni 4. Filamu nyingi ni zao, vitabu ni vyao, Spider-Man wa vitabuni ni wao. Lakini mkataba wa 1994 ungali hai, kwa hiyo mpaka leo Spider-Man na Hulk wa Orlando wako kwa Universal, na Disney, mwenye mali, hawezi kuwaweka kwenye bustani yake ya Florida iliyo mwendo mfupi tu wa gari. Alichoweza mwaka 2022 ni kufungua pale EPCOT mchezo wa kundi la Guardians of the Galaxy, ambalo mkataba ule haukuligusa. Huko California, ambako masharti ni mengine, alishafungua sehemu ya mashujaa wake mwaka 2021. Tajiri kuliko wote kwenye biashara hii amefungwa mikono na karatasi iliyosainiwa na mtu mwenye njaa.

Na ukitaka kujua karatasi inampendelea nani, linganisha Tokyo na Paris. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa 1983, ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Wajapani wanajenga, wanaendesha, wanabeba hasara ikija. Disney wanapokea mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina na hadithi zao. Paris, 1992, Disney waliingia wenyewe na hisa karibu nusu, na ndani ya miaka miwili bustani ilikuwa inazama kwenye madeni. Somo lao wakalishika. Mei 2025 walipotangaza bustani ya Abu Dhabi, mpango ukawa kama wa Tokyo: kampuni ya huko, Miral, itajenga na kuendesha, wao wataleta jina na ubunifu. Kwa hiyo yule jamaa yetu anayeitaka Disneyland Bagamoyo ajue anachokiomba. Anaomba sisi tuweke ardhi, saruji, umeme, mishahara na hofu ya msimu wa mvua, kisha kila mtoto akipita getini sehemu ya kiingilio ipande ndege. Japani walifaidika, kweli, tena sana. Lakini walikuwa na mamilioni ya watu wenye uwezo wa kununua tiketi, wanaofika kwa treni. Sisi tuna foleni ya Tegeta.

Uhitaji wa watoto upo, hilo halina ubishi. Nenda uwanjani siku ya Idi. Utakuta majumba ya upepo yanayonguruma kwa jenereta, mia tano kwa dakika chache, viatu vimerundikwa nje, na mama mmoja ameshika pochi tatu za watu wengine. Ubavuni mwa jumba amechorwa Mickey mwenye sikio moja kubwa kuliko jingine, na Spider-Man ambaye fundi wa mabango amemvisha buti za mvua. Hakuna mwanasheria atakayepanda ndege kuja kumshtaki fundi yule. Lakini mtazame vizuri huyo Spider-Man. Aliyemchora anajua kuchora. Kilichomkosesha kumchora Sungura, Fisi au Abunuwasi ni kwamba mtoto hatalipa mia tano kumwona Sungura ambaye hajawahi kumwona akiruka kwenye skrini.

Jibu la "tuna ngano zetu" ni la kweli na halitoshi. Ngano ya Sungura na Fisi ni ya kila mtu, maana yake kibiashara si ya mtu. Disney walilijua hilo mapema. Hadithi ya Cinderella waliikuta. Ilikuwa ya wote, na bado ni ya wote. Walichokimiliki ni umbo la Cinderella wao wa 1950: gauni, panya, nyimbo. Ukitaka kumtumia Cinderella tumia, ila usimvishe lile gauni. Hata Mickey wa kwanza kabisa, wa filamu ya 1928, alitoka kwenye ulinzi wa hakimiliki Marekani Januari 2024, lakini ni yule tu wa siku zile, wa rangi nyeusi na nyeupe. Wa baadaye bado wamefungiwa. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa Fisi. Ngano ibaki ya bibi. Fisi mwenye kofia hii, sauti hii na jina hili awe wa kijana aliyemchora.

Wapo walioanza. Ubongo, ya Dar es Salaam, inatengeneza katuni za kufundisha tangu 2014, na Akili, mtoto wao wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, anajulikana kwa watoto wa nchi nyingi za Afrika. Hapo tayari kuna mhusika mwenye mwenyewe. Na hapa Bagamoyo tuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha tangu 1981, chenye wachezaji ngoma, waigizaji, wanamuziki na wachoraji katika eneo moja. Bustani ndogo ya watoto kutoka Dar, kiingilio cha elfu chache, Fisi na Sungura wanaoigizwa na wahitimu wa chuo: hilo naliona, na halihitaji dola bilioni wala kasri. Litahitaji katuni kwanza, irushwe miaka miwili mitatu, watoto waje wakiwa wameshaupenda uso wa Fisi.

Ila kuna mahali pasiguswe. Njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliishia hapa, na Caravan Serai, jengo lililokuwa kituo cha misafara hiyo, bado ipo. Bustani inayotegemea wahusika inamtaka mgeni atoke amefurahi, apitie duka la zawadi, arudi mwakani. Mnyororo hauwezi kuingizwa kwenye hesabu hiyo bila kuusemesha uongo. Rafiki yangu mmoja, mwigizaji, ananipinga hapa. Anasema tukiwaachia wasomi na vibao vya vumbi vijana hawatakuja kamwe, na mchezo wa kuigiza mzuri ndani ya Ngome Kongwe ungewatoa machozi watu ambao kibao hakijawatoa hata dakika tano. Ana haki. Nami nakubali mchezo wa kuigiza; ninachokataa ni mhusika wa kuchapwa kwenye kikombe.

Hata hivyo umiliki wa wenyeji si dawa ya yote. Ufaransa, katika mkoa wa Vendée, ipo bustani ya Puy du Fou, iliyotokana na onyesho la usiku lililoanza 1978 likichezwa na wenyeji wa kujitolea, bustani ikafuata 1989. Haina filamu nyuma yake, haina Mickey, ni historia ya kwao tupu: mashujaa, wafalme, mapinduzi. Inapata wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Kwa macho ya haraka ndiyo ndoto ya Bagamoyo. Lakini wanahistoria kadhaa wa Ufaransa wameilalamikia kwa miaka kwamba inaisimulia historia kwa kuegemea upande mmoja, na mwanzilishi wake, Philippe de Villiers, ni mwanasiasa. Kwa hiyo tukijenga cha kwetu, mtu fulani bado ataamua nani awe shujaa: Bushiri, mmisionari, tajiri wa msafara, au mpagazi aliyebeba jino la tembo kutoka Tabora kwa miezi. Ningemchagua mpagazi. Mwingine atachagua vingine, na ugomvi huo utakuwa mzuri.

Ninachokiogopa zaidi kwa sasa ni kidogo kuliko hayo yote. Ni kijana wa chuo atakayemchora Fisi akapendwa, kisha mtu akamjia na laki tatu na karatasi ya ukurasa mmoja inayosema "kwa matumizi yote, milele". Kisheria kazi yake inalindwa tangu alipoichora, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na akiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, atakuwa na ushahidi mkononi. Lakini sheria haimlindi mtu na saini yake mwenyewe. Anapaswa ajue kuuliza: miaka mingapi, nchi zipi, fulana zimo au hazimo, bustani imo au haimo, mrabaha asilimia ngapi. Kozi ya wiki mbili ya kusoma mkataba, ikifundishwa na mwanasheria pale pale chuoni, haifikii hata gharama ya geti la bustani, na inafaa ianze kabla hajatokea mtu na ramani ya kasri.